Kukataa kwa Kiingereza

Baba yangu alikuwa na lugha tatu, na kila moja alikuwa ameitengea kazi yake. Kihaya kilikuwa cha kula, cha kusalimiana na cha kusemesha ng'ombe. Kiswahili kilikuwa cha darasani na cha wageni waliotoka Bukoba. Kiingereza kilikuwa cha kukataa.

Sisi watoto tulimwita Tata, kama Wahaya wote wanavyomwita baba. Buganguzi nzima ilimwita Mwalimu, na hata Ma, mama yetu mzazi, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa amefundisha shule ya misheni tangu kabla sijazaliwa. Alivaa koti hata akienda kibanjani kukata mkungu wa ndizi, na akikutana na mtu njiani alisimama kwanza, akafunga kifungo, ndipo akasalimu. Hakuwa mkali. Ila kulikuwa na mambo ambayo hakuyataka, na likitokea mojawapo alivuta pumzi, akatazama juu ya kichwa chako kana kwamba kuna mtu mrefu amesimama nyuma yako, kisha akasema:

"I cannot countenance it."

Baada ya hapo hakuna aliyesema neno. Ungejibu nini? Hatukujua hata tumeambiwa nini, isipokuwa kwamba mlango umefungwa.

Mara ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ni mwaka wa Uhuru. Lori lililozoea kubeba kahawa lilikuwa linakwenda Bukoba siku ya sherehe, na dereva alikubali kuwachukua watu waliotaka kuona bendera mpya. Binamu zangu walikuwa wameruhusiwa. Nilimwendea Tata, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa, nikamwomba. Alikuwa anatafuna punje za kahawa. Akazihamishia shavu la pili, akatazama juu ya kichwa changu, akasema lile neno lake.

Nilikwenda jikoni nikilia. Ma alikuwa anamenya ndizi.

"Nini tena?"

"Tata amekataa."

"Amekataa saa ngapi? Mimi niko hapa hapa nyuma ya ukuta, sikumsikia akikataa."

"Amekataa kwa Kiingereza, Ma."

Ma akaweka kisu chini. Alifikiri kidogo, huku akifuta utomvu wa ndizi mikononi kwa jani.

"Kiingereza mimi sikijui," akasema. "Kwa hiyo mimi sijasikia kitu. Nenda kaoge, uvae gauni la kanisani. Lori halimngoji mtu."

Nilikwenda Bukoba. Nilisimama kwenye uwanja karibu na ziwa, nimebanwa katikati ya watu wazima, na kitu nilichokiona zaidi kuliko bendera ni mgongo wa bwana mmoja mnene aliyekuwa analia bila kujificha. Nililala kwa shangazi yangu, na kesho yake lori lilipopanda vilima kurudi nyumbani, furaha ilinitoka, hofu ikaingia. Tata alikuwa amekaa mlangoni. Nilipiga magoti, nikangoja.

"Bendera ina rangi gani?" akauliza kwa Kihaya.

"Kijani, Tata. Katikati nyeusi. Na njano."

"Njano iko wapi?"

"Kando kando ya nyeusi. Ni mistari myembamba."

"Myembamba," akarudia, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonjeshwa kitu akakiona kina chumvi ya kutosha. Basi. Hakusema lingine siku ile, wala siku yoyote baadaye.

Nilikua, nikasoma, nikapelekwa chuo cha ualimu. Niliporudi kufundisha shule ya jirani na kwetu, nchi ilikuwa inazungumza lugha nyingine. Mkoa wetu bado uliitwa Ziwa Magharibi. Vijana walikuwa wanakwenda kufungua mashamba ya ujamaa kwenye rweya, ile nyika ya nyasi ambayo wazee wetu waliiacha kwa ng'ombe na kwa nyasi za kuezekea. Kisha ikaja amri kwamba kila mtu mzima asiyejua kusoma aingie kisomo, na kila anayejua amfundishe asiyejua. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba hadi nyumba akitangaza. Nilipewa darasa la alasiri, katika chumba kile kile ambamo asubuhi nilikuwa nafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Walikuja wanawake zaidi. Wanaume wachache waliokuja walikaa karibu na mlango, kama watu waliopita tu kujikinga na mvua. Madawati yalikuwa mafupi, magoti ya watu yakapanda hadi kifuani. Kitabu chetu kilieleza kilimo cha migomba, jambo lililowachekesha sana wanawake, kwa sababu aliyekiandika alionekana kutojua lolote kuhusu migomba. Lakini herufi zilikuwa herufi.

Jioni moja tukiwa tumekaa kula, Ma akasema, bila kuinua sauti, "Kesho nami nitakwenda kisomo."

Tata alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye jani la mgomba tulilolia. Akatazama juu ya kichwa cha Ma.

"I cannot countenance it," akasema. Kisha, kwa kuwa Ma aliendelea kumtazama, akaongeza kwa Kihaya, "Mke wa mwalimu hakai kwenye dawati la mtoto."

Nilidhani Ma atafanya kama mwaka wa Uhuru, aende zake na kusema hakusikia. Hakufanya hivyo. Kesho yake asubuhi alinifuata kisimani, akatua mtungi wake kando ya wangu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Lile neno la baba yako maana yake nini?"

Niliona aibu. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti, nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, na kumbe sikuwahi kulitafuta. Nililijua kama mtu anavyomjua mbwa wa jirani, kwa kubweka kwake. Nilimwomba mwalimu mkuu kamusi ya shule, kamusi nene iliyoliwa na mchwa pembeni, nikalitafuta wakati wa mapumziko. Maana ya kwanza haikuwa kukataa wala kukubali. Ilikuwa uso. Uso wa mtu, sura yake. Chini zaidi ndipo nikakuta nilichokuwa natafuta: kuridhia jambo, kulivumilia, kuliangalia bila kuligeuzia mgongo.

Nilimpelekea Ma maana zote mbili. Alizipokea kwa uzito, akizigeuza kama mtu anayechagua maharage ya mbegu.

"Kwa hiyo Mwalimu anasema nikienda kisomo hatakuwa na uso?"

"Si hivyo hasa, Ma. Ni kwamba hawezi kuliridhia."

"Nimekuelewa. Lakini uso uko mle ndani. Wewe mwenyewe umeukuta."

Mjini Bukoba kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mwenye duka la vitambaa, ambaye Ma alimheshimu sana kwa Kiswahili chake. Kwake ndiko alikojifunza kwamba uso umeumbwa na haya. Alilikumbuka neno hilo sasa, akalisema taratibu, kisha akanyanyua jembe lake akaenda kibanjani bila kunieleza alichokuwa anawaza.

Jumapili baada ya misa alimwandalia Tata kata ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akamwekea kiti mahali penye upepo. Akakaa kwenye mkeka mbele yake. Mimi nilikuwa uani nageuza kahawa iliyoanikwa, karibu kiasi cha kusikia kila kitu, na nadhani Ma alitaka iwe hivyo.

"Mwalimu, waitu," alianza, na mtu akianza na waitu, neno letu la heshima, ujue hatanii. "Lile neno ulilonijibu juzi. Nakuomba uniambie kwa Kihaya."

"Nilikwisha kukwambia. Sikubali."

"Hilo nimesikia. Kwa nini?"

Tata alikunywa. "Neno hili halina kwa nini."

"Kwa Kiingereza halina. Kwa Kihaya linayo. Ulipokuja kwetu kuniposa hukusema Kiingereza."

Kuku waliingia sebuleni, wakatoka. Nilikuwa nimeacha kugeuza kahawa. Hatimaye Tata akaanza kusimulia, na hakuanza pale nilipotarajia.

Alisema alipokuwa kijana, na shule yake ilikuwa chumba kimoja kilichoezekwa nyasi, alikuja mkaguzi Mzungu. Watoto walikuwa wanaimba hesabu za kuzidisha kwa Kihaya, kwa wimbo aliowatungia mwenyewe, na waliimba vizuri siku ile kwa sababu ya mgeni. Mkaguzi alisimama mlangoni hadi wimbo ukaisha. Akasema, "I cannot countenance this." Akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

"Sikulijua lile neno," Tata alisema. "Sikuthubutu kumuuliza. Nilipanda baiskeli nikaenda Bukoba kumwuliza padre mmoja aliyenifundisha. Unajua vilima vile. Na njia nzima nilikuwa natumaini kwamba nimesifiwa."

Ma alimwongezea rubisi.

"Padre akaniambia maana yake. Nilirudi naikokota baiskeli hata kwenye miteremko. Ule wimbo sikuufundisha tena. Lakini nikaona jambo moja: neno lile likisemwa, hakuna anayelijibu. Nikalichukua likawa langu."

"Ukataka nami nisikujibu."

"Wewe?" Tata alicheka, kicheko kidogo cha puani. "Wewe umenyamaza lini?"

Wakacheka wote wawili, na nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Ma alikaa palepale kwenye mkeka.

"Hiyo ni safari ya lile neno," akasema. "Mimi nimeuliza habari ya kisomo."

Tata alitazama chini. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akikosa mahali pa kutazama.

"Watu watasema," akaanza, sauti yake ikashuka. "Watoto wote wa hapa wamepita mikononi mwangu. Hata huyu padre mdogo aliyesoma misa leo nilimfundisha mimi kushika kalamu. Watakuona umekaa pale unajifunza a, watauliza Mwalimu alikuwa wapi miaka yote hii."

"Ulikuwa wapi?" Ma aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama unavyomwuliza mtu aliyechelewa kurudi, ambaye ulikuwa umemwekea chakula. Tata alikaa na ile kata mikononi mpaka Ma akaipokea, kwa sababu ilianza kuinama.

"Nitakufundisha mwenyewe," akasema baadaye. "Hapa nyumbani. Tuanze leo."

"Hapana, Mwalimu. Hapa nyumbani kuna chungu, kuna kuku, na kuna wewe. Kule kuna wenzangu."

"Lakini kwa nini hasa? Unataka kusoma nini?"

Ma alisimama, akageuka, akamwonyesha mgongo wake. Alikuwa amejifunga kanga nyekundu ambayo Tata alimnunulia Bukoba zamani, ambayo aliitunza kwa kanisani na misibani.

"Nataka kusoma hiki," akasema. "Kila mtu anausoma mgongo wangu isipokuwa mimi."

Tata hakusema kwamba ameridhia. Hakusema pia kwamba amekataa. Jumatatu alasiri Ma alinawa miguu, akajitanda, akaja darasani kwangu, akakaa kwenye dawati la mbele kabisa, magoti kifuani. Wanawake walimpigia vigelegele. Mimi niliandika ubaoni, chaki ikakatika.

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Watu hupenda kusimulia kwamba mama zao walijua kusoma kwa wiki moja. Wangu alihangaika. Vidole vilivyozoea jembe vilishika penseli kana kwamba itakimbia, na herufi *m* na *n* zilimtesa mno. Alisema moja ni mbuzi na nyingine ni mbuzi aliyekatwa mguu. Lakini hakukosa kuja. Siku moja mvua kubwa ilinyesha katikati ya somo, na tulipotoka tukamkuta Tata amesimama chini ya mchirizi wa paa na mwavuli, koti limelowa bega moja. Alimpa Ma mwavuli, wakaondoka. Wenzake walimwuliza Ma kesho yake kama Mwalimu amekubali. Akawajibu, "Amekuja na mwavuli. Ninyi mnataka muhuri?"

Muda si mrefu niliitwa Bukoba kwenye mafunzo ya walimu wa kisomo. Mwalimu mkuu hakuwa na mtu wa kushika darasa langu, akaenda nyumbani kumwomba Tata, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Niliposikia, nilikosa usingizi kwa shangazi. Nilijua namna Tata alivyofundisha: kwa fimbo mezani na kwa sauti iliyofika barabarani.

Yaliyotokea nilisimuliwa na jirani yetu, bibi mjane aliyekaa dawati moja na Ma, na kila aliposimulia alisimama ili aigize vizuri. Siku ya kwanza Tata aliingia, akafunga kifungo, akawaamuru wote wasimame. Wakasimama, magoti yakilia. Akamwita huyo bibi asome ubaoni. Bibi akakosea. Tata akapiga fimbo juu ya meza na kumfokea kwamba hata mtoto mchanga asingekosea vile. Wale wanaume wa mlangoni wakaanza kuangalia nje.

Ma akainuka. Akavuta pumzi, akatazama juu ya kichwa cha Tata, juu kabisa ya ubao, akasema, "Mwalimu, waitu. Hapa kelele hatuzikauntenansi."

Walioelewa walicheka, na wasioelewa wakacheka kwa sababu ya uso wa Tata. Bibi alisema aliuona uso ule ukipita misimu yote ya mwaka. Kisha Tata akaiweka fimbo sakafuni, kwa adabu, kama mtu anayelaza mtoto. Akamwomba bibi radhi kwa Kihaya. Akawaambia wakae, akafikiri kidogo, akaanza kuwaimbia hesabu za kuzidisha. Wimbo wenyewe haukuwa na uhusiano wowote na somo la siku ile. Lakini waliimba, bibi alisema, hadi watoto wakarudi shuleni kuchungulia madirishani.

Niliporudi sikulipata darasa langu. Wanafunzi waliniomba kwa upole niendelee na watoto wa asubuhi, wao walikuwa wameshamzoea Mwalimu. Nilijifanya kuudhika. Tata alikuwa ananing'iniza koti lake kwenye msumari, anafundisha akiwa na shati tu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Ni katika darasa hilo Ma aliposoma kanga yake. Aliivua mabegani, akaitandaza juu ya dawati, akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, wenzake wakimsaidia kwa kutikisa vichwa: *Ukinionea wivu utajichosha bure*. Akasoma tena, peke yake, kimoyomoyo.

"Mwalimu," akasema. "Hii nimeivaa msibani kwa dada yako mkubwa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua," Tata akakiri. "Lakini ulipendeza."

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Kimwani, kwenye kijiji kipya ambako familia nyingi zilikuwa zimehamia kutoka sehemu mbalimbali. Shule ilikuwa na kuta na haikuwa na paa. Ardhi ilikuwa tambarare na ya kichanga, jua lilikuwa kali kuliko la kwetu vilimani, na jioni nilikuwa naona upweke, kwa sababu kila mtu pale alikuwa mgeni na hakuna aliyekuwa na wa kumtembelea.

Asubuhi moja ya likizo nilimwona Ma anakuja kwa miguu kutoka barabarani, mzigo kichwani, peke yake. Hakuwa amewahi kupanda basi bila Tata. Nilikimbia kumpokea. Alikuwa amebeba machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa majani yake makavu, udongo wa Buganguzi bado umeshika mizizini.

"Ma! Nani amekuelekeza?"

"Kibao," akasema, akashusha mzigo. "Kondakta alitaka kunishusha kule mbele. Nikamwambia hapana, ni hapa, pameandikwa."

Hakutaka hata maji kwanza. Alizunguka nyumba yangu, akachota udongo, akausugua viganjani, akauonja kwa ncha ya ulimi, akasikitika. Akasema utahitaji samadi nyingi na nyasi za kutandaza, lakini hakuna udongo unaozaliwa umeshiba. Alichagua mahali nyuma ya jiko ambapo maji ya kuoshea yangefika. Tulichimba pamoja. Majirani, waliokuwa bado hawajazoea kuingia nyumbani kwa mtu, walisogea mmoja mmoja. Mwanamke mmoja aliyetokea upande wa Kishanda akaja na jembe lake bila kuombwa, na kabla ya adhuhuri tulikuwa watu wengi tukibishana kuhusu kina cha shimo.

Tulipokaa kupumzika, Ma aliona kipande cha gazeti nilichofungia chumvi. Akakinyoosha juu ya goti, akaanza kuwasomea wale wanawake, polepole, akisimama penye neno gumu na kulizunguka hadi akalipata. Ilikuwa habari ya bei ya pamba, jambo lisilomhusu yeyote kati yetu. Walisikiliza hadi mwisho.

Yule mwanamke wa Kishanda akanikaribia, akaninong'oneza, lakini kwa sauti ambayo Ma aliisikia.

"Huyu mama ni mwalimu?"

Ma alikikunja kile kipande cha gazeti, akakirudishia chumvi yake.

"Bado," akasema.